Fleshi kali kwenye kwanjula: anza na kadi nyeupe

Ndugu, umeuliza utengeneze nini nyumbani ili nyuso zisimetemete ukipiga picha za kwanjula (sherehe ya Uganda ya kutambulishana kwa familia za wachumba) kwa fleshi. Vikofia vya plastiki vya kuvika fleshi achana navyo. Mwanga hulainika chanzo kikiwa kikubwa na karibu, na kikofia ni kidogo kama fleshi yenyewe.

Funga kadi nyeupe, sentimita 20 kwa 30 hivi, kwa mpira nyuma ya kichwa cha fleshi, kisha elekeza kichwa juu. Usitegemee paa la hema: likiwa la kijani, hata gomesi (vazi la heshima la wanawake wa Uganda) nyeupe itatoka ya kijani.

Picha za familia zinataka boksi. Katoni ya sabuni, foili ndani, shuka jeupe mdomoni (lililochujuka umanjano litapaka ngozi umanjano), nyuma tundu la kichwa cha fleshi. Liweke mita moja na nusu hivi kutoka kwa watu. Ukilirudisha mbali, vivuli vikali vinarudi. Shuka linakula mwanga, kwa hiyo pandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) kwanza, la sivyo betri zitakwisha kabla keki haijakatwa. Kavera (mfuko wa plastiki) usiifungie juu ya kioo cha fleshi: ukipiga mfululizo kinapata moto, inayeyukia hapo hapo.