Rangi ing'aayo na kipimo cha kamera: je, tusubiri?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu, mkulima wa chai hapa Tukuyu mwenye umri wa miaka 63, anaumwa tumbo kwa muda mrefu, amekonda, na chakula kidogo tu humshibisha. Amepangiwa kipimo cha kamera jijini Mbeya. Nimesikia kuwa nje ya nchi kuna rangi inayoifanya saratani ya tumbo ing'ae. Je, tukusanye kwanza fedha tumpeleke huko?

JIBU: Marahaba. Msisubiri, kwani kukonda na kushiba upesi kwa mtu wa umri wake ni dalili zinazotaka kuchunguzwa sasa.

Rangi hiyo ipo kweli. Wataalamu wametengeneza kemikali isiyong'aa mpaka ikatwe na kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kemikali mwilini) kinachopatikana kwa wingi juu ya seli za saratani. Mwaka 2011 watafiti wa Japani na Marekani walionyesha, kwa panya wenye saratani ya ovari, kuwa kemikali ya namna hiyo ikinyunyiziwa huwaka baada ya muda mfupi sana, na utafiti wa aina hiyo umeelekezwa tumboni pia. Ugumu ni kwamba ukuta wa tumbo uliovimba kwa sababu nyingine nao waweza kung'aa. Rangi nyingine, indosianini ya kijani, ambayo tayari hutumika katika upasuaji wa saratani ya tumbo, haitambui saratani yenyewe: hudungwa kando ya uvimbe, ikafuata mishipa ya limfu na kumwonyesha mpasuaji tezi za kuondoa.

Kinachothibitisha saratani, hata huko nje, ni kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa tumboni ili kipimwe. Mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni, na daktari akitilia shaka mahali fulani hukata vipande vidogo kama punje za ulezi, ambavyo hutiwa kwenye fomalini na kusomwa kwa hadubini na mtaalamu wa patholojia. Kidonda kikionekana, ni muhimu vichukuliwe vipande kadhaa, kwa kuwa kimoja chaweza kuikosa saratani iliyopo.

Kama mzee anameza omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, mwelezeni daktari mapema, maana dawa hiyo huweza kutuliza maumivu na hata kukifanya kidonda cha saratani kionekane kama kinapona. Asile chochote kwa muda atakaoelekezwa kabla ya kipimo, na majibu ya patholojia myafuatilie wenyewe mpaka myapate mkononi.