Kuona wivu, kuhusudu na ndugu zao: kwa anayeanza kuhariri na kutafsiri

Katika kazi ya kuhariri na kutafsiri, maneno magumu si tatizo kubwa. Ukikutana na neno usilolijua utafungua kamusi, utasoma, utaendelea. Yanayoponza ni yale uliyoyajua tangu utotoni, ambayo hujawahi kuyatilia shaka. Wivu ni mojawapo. Kila mtu anaujua wivu, lakini mpe mwandishi mpya sentensi tano zenye neno hilo azinyooshe, utaona mbili zimerudi zikiwa zimepinda zaidi.

Anza na jambo hili: wivu ni nomino isiyo na kitenzi chake. Huwezi kusema mtu "amewivu", kwa hiyo nomino hii hutembea kwa kuegemea vitenzi vya jirani, na kila kitenzi huipa sura nyingine. Kuwa na wivu ni tabia. Mtu mwenye wivu yuko hivyo leo na kesho. Kushikwa na wivu, au kuingiwa na wivu, ni jambo la ghafla. Kuona wivu ni hisia iliyo ndani ya mtu, wala si lazima umtaje wa pili: "Aliposikia wenzake wakisifiwa, aliona wivu." Kutia wivu kunahamia upande wa pili kabisa, kwa yule au kile kinachoamsha hisia hiyo, ndiyo maana tunasema kazi ya kutia wivu au sauti ya kutia wivu, na hapo ni sifa tupu. Mwandishi anayetumia "kuwa na wivu" kila mahali, kwa sababu ndiyo ya kwanza kumjia, anawafanya wahusika wake wote waonekane wana kasoro ya tabia, hata yule aliyeumia roho mara moja tu kwenye harusi ya dada yake.

Kisha kuna kuonea, na hapa nakuomba usiende haraka.

Kumwonea mtu wivu ni muundo ule ule wa kumwonea huruma, kumwonea haya, kumwonea uchungu. Kitenzi kinabeba mtu, nomino inabeba hisia. Lakini kuonea kukiwa peke yake kuna maana nyingine nzito: ni kudhulumu, kumnyanyasa asiye na uwezo wa kujitetea. "Anamwonea" ni shutuma. "Anamwonea wivu" ni jambo jingine kabisa. Tofauti yote imebebwa na neno moja linalokuja mwishoni, na likichelewa kufika, msomaji ameshahukumu.

Tazama sentensi hii, ya aina ninayokutana nayo kila mara kwenye miswada: "Meneja aliwaonea wafanyakazi wenzake waliopandishwa cheo baada ya kurudi masomoni wivu." Kisarufi hakuna ubaya. Lakini msomaji ametembea na meneja dhalimu kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho, kisha kwenye neno la mwisho anaambiwa arudi, kumbe meneja ni mtu wa kijicho tu. Tiba yake ni nyepesi: ubandike wivu kwenye kitenzi. "Meneja aliwaonea wivu wafanyakazi wenzake waliopandishwa cheo baada ya kurudi masomoni." Mtendwa akiwa neno moja au mawili, "alimwonea ndugu yake wivu" inapita vizuri na ina mdundo wake. Akishavuta kishazi cha amba- au cha -o- rejeshi, wivu utangulie.

Katika kauli ya kutendwa hatari inazidi, maana kuonewa ni neno la kila siku kwa mtu aliyedhulumiwa. "Mtoto huyo alikuwa akionewa sana na wenzake kwa sababu ya akili yake": je, walimpiga au walimtamania akili? Kama ni wivu, andika wivu, tena papo hapo: "alikuwa akionewa wivu na wenzake". Na ukiwa unafupisha habari ili itoshe kwenye nafasi, neno hilo lisiwe la kwanza kufutwa.

Nikiwa hapo hapo kwenye tahajia: namwonea, si namuonea. Utaisikia ya pili kila mahali na utaiona hata kwenye maandishi ya wakubwa. Katika mazungumzo ya wahusika naiacha, katika masimulizi naisahihisha.

Sasa swali ambalo mfasiri hana budi kulijibu kabla hajagusa kibodi: wamo watu wangapi ndani ya wivu huu? Kiswahili kinatumia neno hili kwa hisia mbili. Ya kwanza ina watu wawili: wewe una kitu, mimi sina, nakitaka. Ya pili ina watatu: mimi nina mpenzi, namwogopa wa tatu asije akamchukua. Lugha nyingine zina neno kwa kila moja. Sisi tunaachia sentensi ifanye kazi hiyo. Kwa hiyo "Anamwonea wivu mkewe" inaweza kusomwa kuwili: mke amefanikiwa na mume hafurahii, au mume hataki mke azungumze na wanaume wengine. Ukitaka ya watatu, sema "ana wivu na mkewe" au taja wivu wa mapenzi moja kwa moja. Ukitaka ya wawili, taja kinachotamaniwa: "anamwonea wivu mkewe kwa cheo alichopata". Hiyo "kwa" ni ya kushikwa vizuri. Wapo wanaoandika "wivu wa cheo cha mkewe", wakarundika viunganishi vya -a hadi msomaji hajui wivu ni wa nani.

Na kwa wale wa vyumba vya habari: "kisa wivu wa mapenzi" ni kichwa cha habari kilichochoka, na mara nyingi ni uamuzi wa mwandishi kabla ya mahakama. Polisi wakisema wanashuku, andika kuwa wanashuku.

Husuda ni habari nyingine, kwa maana na kwa sarufi. Kwa maana, mwenye wivu anataka naye apate. Mwenye husuda anataka wewe ukose, hata kama yeye hapati chochote. Ndiyo maana leso iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" inaeleweka bila maelezo. Weka "mwenye wivu" mahali pa hasidi na methali inakufa, kwa sababu mwenye wivu ana sababu yake, tena inajulikana. Neno lina asili ya Kiarabu na limekuja na familia nzima: husuda, hasidi, uhasidi, na kitenzi kamili, kuhusudu. Sura ya 113 ya Qurani, Al-Falaq, inamalizika kwa kuomba kinga na shari ya hasidi anapohusudu. Mtendaji na kitendo vimesimama bega kwa bega, na hakuna kitenzi cha kuazima.

Kitenzi hicho kina mkia wa kigeni, na mkia huo ndio unaowakamata wageni. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu hubadilisha irabu ya mwisho: naonea, sionei, usionee. Kuhusudu hakubadiliki: namhusudu, simhusudu, usimhusudu. "Simhusudi" na "usimhusude" ni makosa ya mtu anayepeleka kanuni mahali isipohusika. Husudu iko kundi moja na jibu, samehe na fikiri. Kama unataka mfano wa kukaa kichwani, tafsiri ya Biblia ya Muungano inasema katika 1 Wakorintho 13:4 kwamba "upendo hauhusudu". Ni katika kunyambua tu ndipo u ya mwisho inapoipisha i: husudiwa, husudiana, kama vile jibiwa na jibiana.

Halafu kuna jambo linalowagawa wasomaji. Kuhusudu, katika mazungumzo ya siku hizi, kumegeuka sifa. "Mchezaji ninayemhusudu kuliko wote" haina ubaya wowote ndani yake. Msemaji anampenda na anatamani kucheza kama yeye. Sikupingi ukiitumia hivyo katika mahojiano, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Lakini pale ambapo msomaji hana sauti ya msemaji wala sura yake, itakuletea utata. Jirani anayemhusudu jirani, katika hadithi, atasomwa kama mtu wa kuogopwa. Ukikusudia sifa, yapo maneno mengi: kuvutiwa na mtu, kumkubali, kumpenda, kumwona mfano. Mimi mwenyewe katika maandishi rasmi naiacha husudu kwenye ubaya wake wa asili.

Upatanisho wa ngeli ningeupita haraka, kama si kompyuta. Wivu ni wake, umezidi, huu. Husuda ni yake, imezidi, hii. Kijicho ni chake, kimezidi, hiki. Hayo unayajua. Lakini subiri siku mteja atakapokuambia kwamba "wivu" umejaa mno kwenye kitabu chake, nawe ukatumia ile amri ya kutafuta na kubadilisha kwa mkupuo. Dakika moja baadaye utakuwa na "husuda wake ulimla usiku kucha", "husuda mwingi" na "alimwonea husuda ule wa kitoto". Programu haikujua kwamba nomino moja inaburuta nyuma yake vivumishi, vimilikishi na vitenzi. Badilisha moja moja kwa mkono, na usome sentensi nzima hadi nukta. Hapo hapo utagundua kuwa nusu ya sehemu hizo hazikuhitaji husuda kabisa.

Kijicho ni jicho lililofanywa dogo, na kinatenda kazi kama wivu: kuona kijicho, kumwonea mtu kijicho. Kina ukali wa kudharau ndani yake. Hakuna anayejisifu kwamba ana kijicho, ilhali wapo wanaojisifu kwa wivu. Jihadhari tu na mahali ambapo macho halisi yanatajwa, kwani "kijicho chake kilimtoka" kitamchekesha msomaji pasipotakiwa kicheko. Gere inafuata muundo ule ule, kumwonea mtu gere, na ina ladha ya mazungumzo ya pwani. Kulia ngoa, yaani kuona wivu, utakukuta zaidi kwenye ushairi. Usikuchomeke kwenye taarifa ya benki. Choyo mara nyingine huchanganywa na haya yote, lakini mchoyo anashikilia kilicho chake, na mwenye kijicho anatazama cha mwenzake.

Kutamani kunahitaji neno moja tu. Amri ya kumi katika Kutoka 20:17 inakataza kuitamani nyumba ya jirani, na ilitumia kitenzi sahihi, kwa maana inazungumzia kitu kinachotakiwa. Wivu unamtazama mwenye kitu. Ukiweza kumwondoa mwenye nyumba kwenye sentensi na sentensi ikabaki na maana, hiyo ni tamaa.

Kwa wafasiri, mtego mkubwa kuliko yote ni wivu wa kirafiki. Mhusika katika matini ya kigeni anamwambia rafiki yake aendaye likizo kwamba anamwonea wivu, na wote wawili wanacheka. Ukiandika "Nakuonea wivu", kwa msomaji wetu kicheko kinakatika. Huyo aendaye likizo atafunga mlango wake kwa kufuli mbili. Kiswahili kina namna yake ya kusema hivyo: "Heri yako!" au "Heri yenu mnaokwenda." Unaweza pia kumpa mzaha: "Mbona unanitia wivu?", ambapo lawama imegeuziwa msafiri na mambo yakawa mepesi. Na pale mwandishi wa asili anapokusudia wivu unaomsukuma mtu kujitahidi, tunao "wivu wa maendeleo", ambao watu wanauelewa mara moja, na ghera kwa maandishi yenye uzito zaidi.

Upande wa pili, wahusika wanapogombana, mara nyingi hawatamki nomino hata moja kati ya hizi. Watu wenye hasira husema "Roho inakuuma!", au kwamba fulani ana roho ya kwa nini, yaani ile inayouliza kwa nini apate yeye nisipate mimi. Atakayetaka kumaliza ugomvi atasema "wenye wivu wajinyonge" na kuondoka. Ukikuta mazungumzo ambayo mhusika aliyekasirika anamwambia mwenzake "Wewe una husuda juu ya mafanikio yangu", futa, weka "Roho inakuuma", kisha mwache mwingine ajibu.