Meru hupangwa kuanzia kileleni kushuka

Wadogo zangu mnaoongoza wapanda mlima, mnanitia presha. Msimu huu kila nikipita geti la Momella, tunakoanzia kupanda Mlima Meru, nakuta programu ya siku tatu, wageni wametua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, jana yake, na kiongozi mpya ananiambia bila wasiwasi, "Mkuu, Meru ni ya kupashia misuli kabla ya Kili." Sawa, ni ya kupashia misuli. Lakini ni mita 4,566, na mnaipanga kana kwamba kazi inaisha kileleni. Nawapenda, kwa hiyo leo nitafoka kidogo.

1. Uza siku nne. Mnajua ratiba: Momella hadi kibanda cha kulala cha Miriakamba, Miriakamba hadi kibanda cha Saddle, usiku kileleni. Hadi hapo programu zote mbili, ya siku tatu na ya siku nne, zinafanana. Tofauti iko baada ya picha ya kileleni. Kwa siku nne mgeni anashuka kulala Miriakamba, mita 2,514, na getini anakwenda kesho yake. Kwa siku tatu, mtu yuleyule aliyeamshwa usiku wa manane na kupanda karibu mita 1,000 kutoka Saddle anashushwa takriban mita 3,000 siku hiyohiyo. Magoti ya mgeni hayajui kwamba umempunguzia bei.

Nilishuhudia hili nikiwa bado msaidizi. Kiongozi wetu alikuwa mzoefu na mwenye roho nzuri, ila siku tatu kwake zilikuwa jambo la kawaida. Katika kundi kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mpole, aliyepanda vizuri kuliko vijana wote. Kileleni alifika jua linachomoza, Kilimanjaro iko mbele yake juu ya mawingu, akatukumbatia mmoja mmoja. Kurudi ndiko kulikommaliza. Mnaijua ile sehemu kabla ya Rhino Point, kituo kilicho juu ya Saddle, unapodhani umeshamaliza kushuka, kumbe njia inakupandisha tena. Hapo alianza kushika mapaja kwa mikono. Saddle alikunywa supu amesimama, kwa sababu akikaa hawezi kuinuka.

Palepale ndipo ilipaswa kuamuliwa kwamba tunalala Miriakamba. Isingewezekana. Wapagazi walikuwa wameshatangulia getini na mifuko ya kulalia. Mpishi alipima chakula cha siku tatu kamili. Vitanda vya usiku huo havikuwa vimelipiwa, na gari lilikuwa linasubiri kuwapeleka hotelini. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri sana, isipokuwa mtu mmoja kuchoka.

Basi tukaendelea. Chini ya Miriakamba vijana walitaka kukimbia, lakini askari wa hifadhi wa kutulinda na wanyama alikuwa mmoja na bunduki moja, na kwenye msitu ule huachi mtu nyuma wala humtangulizi. Kwa hiyo kundi zima lilikwenda kwa mwendo wa mama. Giza likatukuta njiani. Askari akanyoosha mkono, tukasimama, tukasikia nyati wakivunja matawi kando yetu. Tulisimama muda mrefu tochi zikiwa zimeelekezwa chini. Yule mama alilia taratibu, akawa anawaomba wenzake msamaha kwa kuwachelewesha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: mtu aliyefanya kila kitu sawasawa aliomba msamaha kwa kosa la aliyeandika ratiba. Getini alipewa cheti chake, akakipokea bila kukitazama, akauliza gari liko wapi.

2. Mchana wa Saddle msiwaache wageni walale. Wapeleke Little Meru, kilele kidogo cha mita 3,820 kilicho jirani, wakae kidogo, warudi kulala chini yake. Mwili unajifunza hewa nyembamba, na wewe unaona nani anayumba kabla ya usiku.

3. Wasaidizi wa kutosha. Mmoja akishindwa Rhino Point, nani anarudi naye? Kama jibu ni "tutaona", bado hujapanga. Na maumivu ya kichwa yakifuatana na kutapika na kutembea kama mlevi, hakuna kumpumzisha kwanza: anashuka, hata saa tisa usiku, hata kama Cobra Point, kituo cha juu zaidi kuelekea kileleni, inaonekana. Wageni wengi huficha kichwa kinavyowauma, hasa wanaokwenda Kili wiki hiyohiyo, wakiogopa mtawakatalia. Usimuulize "uko poa?" Atasema poa. Muulize amekula nini, mwangalie anavyofunga kamba za viatu.

4. Fimbo za kutembelea kila mgeni awe nazo, akikataa mbebee. Betri za tochi zilale ndani ya mfuko wa kulalia. Chupa ya maji igeuzwe kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu. Aprili na Mei mwambie ukweli kuhusu tope.

5. Wapagazi. Pima mizigo mbele yao. Na ukishaandika siku nne, waandike nao siku nne, wale na walipwe siku nne. Nimeona mnabana hapo ili bei ifanane na ya jirani: mgeni analala Miriakamba usiku wa mwisho, nusu ya wapagazi mmewatuma getini mapema ili kupunguza gharama. Halafu goti la mtu linagoma asubuhi, na wa kubeba machela hawapo.