Ametuma talaka kwa simu, sasa anauza nyumba

*Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 38, naishi Mbagala, Dar es Salaam, na nina watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Niliolewa kwa ndoa ya Kiislamu mwaka 2009. Kiwanja alikinunua mume wangu kabla hajanioa, kikiwa na chumba kimoja cha tofali. Leo ni nyumba ya vyumba vitano, na viwili tumevipangisha. Mwezi uliopita alinitumia talaka moja kwa ujumbe wa simu, kisha akahamia kwa mwanamke mwingine. Dalali ameanza kuleta wateja, na shemeji zangu wananitaka nisaini karatasi kwamba nimepokea shilingi milioni mbili na vyombo, na kwamba sina madai mengine. Wanasema muuza vitumbua hawezi kudai nyumba, tena jina langu halimo popote. Je, nisaini nirudi kwetu Tanga?*

Marahaba, mwanangu. Usisaini. Nimetanguliza neno hilo kwa sababu katika yote uliyonieleza, karatasi hiyo ndiyo yenye hatari kubwa kuliko hata dalali. Kikao cha shemeji hakina mamlaka ya kugawa mali ya ndoa, kwani mamlaka hayo ni ya mahakama, lakini saini yako itakuja kutolewa mbele ya hakimu kama ushahidi kwamba uliridhika na ulicholipwa.

Jambo la pili unalopaswa kulijua ni kwamba mbele ya sheria wewe bado ni mke wa mtu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, haiipuuzi talaka ya Kiislamu, ila haiiachi ivunje ndoa peke yake: lazima kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndipo mahakama, ikiridhika kwamba talaka ilitolewa baada ya uthibitisho huo, itamke kuwa ndoa imevunjika. Hata kwa upande wa dini, aya ya kwanza ya Surat At-Talaq inakataza mwanamke aliyeachwa kutolewa nyumbani wakati wa eda, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, na talaka uliyopewa ni moja, ambayo bado inaweza kurejewa ndani ya muda huo. Wanaokuhimiza ufunge mizigo kwa jina la dini hawakutendei haki, na ninasema hivyo kwa uchungu, maana nimewaona wanawake wengi wakiondoka kwa heshima ya wakwe, kisha wakarudi na kukuta mlango una kufuli jipya.

Kwa kuwa ndoa haijavunjwa, kifungu cha 59 cha sheria hiyo kinamzuia mumeo kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yako, hata kama karatasi zote zina jina lake. Mke aliyetelekezwa akabaki katika nyumba hiyo pia hawezi kufukuzwa na mumewe. Mnunuzi anayejua kwamba wewe umo ndani, au ambaye angejua kama angeuliza, hawezi kukutoa kwa kisingizio kwamba amekwisha lipa. Kwa hiyo ufanye ujulikane. Andika barua fupi kwamba hiyo ni nyumba ya ndoa na hujaridhia iuzwe, ipeleke kwa mwenyekiti na kwa mtendaji wa serikali ya mtaa, kwa maana mauziano mengi ya viwanja visivyopimwa hufanyika mbele yao, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Dalali naye mpe nakala. Ikiwa kiwanja kimepimwa na kina hati, unaweza kuomba zuio kwa Msajili wa Hati. Kama ni cha mkataba wa mauziano tu, omba mahakamani amri ya kuzuia uuzaji.

Sasa niyajibu maneno ya vitumbua, kwa sababu yameniumiza. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na ikasema wazi kwamba kazi za nyumbani za mke, yaani kupika, kulea na kuitunza nyumba, ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Ikiwa mama wa nyumbani asiyeingiza hata senti anahesabiwa kuwa amechangia, itakuwaje kwako wewe uliyelea na ukaleta fedha pia? Lakini lisome shauri hilo hadi mwisho: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa Mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilikuwa ndizo fungu lake. Ndiyo maana nakukataza kugusa hiyo milioni mbili, ambayo leo inaitwa kifuta machozi na kesho itaitwa mgao.

Kuhusu kiwanja kununuliwa kabla ya ndoa, kifungu hichohicho kinasema kwamba mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya kuoana nayo huingia kwenye mgawanyo ikiwa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au kwa juhudi zao wote wawili. Kutoka chumba kimoja hadi vitano ni uendelezaji mkubwa kwa kipimo chochote. Sikuahidi nusu kwa nusu. Mahakama huangalia kila mmoja alichangia nini kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto wadogo na desturi za jamii yenu, kisha huelekea kwenye usawa, na kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, si la machozi.

Kwa hiyo kaa chini ukumbuke ujenzi ulivyokwenda: nani alinunua saruji ya lenta, nani alimlipa fundi siku ya kupaua, mabati yalitoka duka gani. Tafuta risiti, hata zilizofifia. Omba taarifa za miamala ya simu. Kama ulikopa kikoba, daftari linaloonyesha mkopo uliopigia plasta lina uzito mkubwa, na kama deni hilo hujalimaliza, litaje mahakamani. Fundi na jirani walioona wakubali mapema kuja kusema walichokiona. Ujumbe wa talaka nao usiufute.

Njia yenyewe inaanzia kwenye Baraza la Usuluhishi, la Kata au la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Mumeo akikataa kufika, au usuluhishi ukishindikana, dai hati ya Baraza, ile ambayo mahakamani huitwa fomu namba 3, na uhakikishe inasema kwamba wameshindwa kuwapatanisha, kwa kuwa mashauri mengi hukwama kwa hati kukosekana au kuandikwa vibaya. Hati hiyo isizidi miezi sita hadi siku ya kufungua shauri, ambalo linaweza kuanzia hata Mahakama ya Mwanzo. Humo humo omba amri ya matunzo na malezi ya watoto. Sheria inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kama huna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bila malipo, na ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa itakuelekeza waliko. Barua ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, hata hivyo, usiisubirishe msaada huo: iandike kwa mkono wako na uipeleke kabla dalali hajaleta mteja mwingine.