Uliza Ujibiwe: Nyasi za bahari zimepungua, ni tope au ni nungu?

SWALI: Twategea madema (mitego ya samaki) ndani ya mwamba, upande wa Nyali, Mombasa. Tangu masika nyasi za bahari zimepungua na samaki aina ya tafi wameadimika. Wengine wasema ni maji kuchafuka, wengine wawalaumu nungu wa bahari, wale viumbe wa miiba walao nyasi. Tutajuaje? – Mtega dema, Nyali

JIBU: Tazameni kwanza zinapungukia wapi. Nyasi zikikosa mwanga huanza kufa kwenye kina, za maji mafupi zikabaki, na majani mara nyingi huwa na utelezi wa mwani na tope. Nungu huacha majani yaliyotafunwa na vijiti vitupu, na wenyewe mtawakuta papo hapo.

Kisha pimeni uangavu wa maji. Kateni kisahani cha bati chenye upana wa sentimita 20 hadi 30, mkipake rangi nyeupe. Fungeni chubwi (kitu kizito cha kukizamisha) chini, na kamba isiyovutika yenye fundo kila nusu mita (nailoni ikilowa huvutika, ikawadanganya). Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, upande wa chombo wenye kivuli, bila miwani ya jua, kishusheni hadi kipotee, kisha kipandisheni hadi kionekane tena. Wastani wa vina hivyo viwili ndicho kipimo chenu. Padre Angelo Secchi wa Italia alikitumia mwaka 1865, na wataalamu bado wanakitumia.

Kisahani kinapopotea, mwanga uliobaki ni kama asilimia 18 ya ule wa juu. Nyasi nyingi za bahari huhitaji asilimia 10 hadi 20. Basi kikipotea kwenye mita 2 na nyasi zenu ziko mita 4, zinapata kama asilimia 3 tu, nazo hazitadumu. Kikigonga chini nanyi bado mwakiona, acheni kuyalaumu maji, hesabuni nungu.

Kipimo cha siku moja hakitoshi. Bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) la Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na huchimbua tope hata pasipo mvua. Pimeni kila wiki, maji yakiwa yamejaa. Tena nyasi zina akiba ya wanga kwenye mashina yaliyozikwa mchangani, huvumilia giza wiki kadhaa. Zinazokufa leo huenda ziliumizwa na tope la mwezi uliopita. Zikishaisha hakuna cha kulishika tope, na maji huzidi kuchafuka.

Kwa sasa tegeni madema kwenye mchanga mtupu, pembeni mwa nyasi. Dema likilala juu yake siku kadhaa, nalo huzinyima mwanga.