Mama Maua Anajibu: Mbolea ya kuku imeniunguzia miwaridi

Barua za mwezi huu zimekuja na picha nyingi, nyingine zimepigwa kwa mbali kiasi kwamba naona nyumba na gari, mwaridi sioni. Tafadhali, nipigieni jani. Tena upande wa chini. Kwa wageni wa safu hii: nilikuwa skauti kwenye shamba la maua huko Usa River, miaka tisa. Skauti wa maua si yule wa skafu shingoni. Ni mtu anayetembea kutwa ndani ya banda la nailoni, kati ya matuta, akigeuza majani kutafuta wadudu kabla hawajawa wengi. Mgongo wangu haujasahau.

*Shikamoo Mama Maua. Nina miwaridi kumi na minne mbele ya nyumba, hapa Mafinga. Jirani anafuga kuku wa mayai, akanipa magunia mawili ya mbolea bure. Niliimwaga shinani, koleo moja kila mche, nikamwagilia. Siku ya nane majani yakaanza kukauka pembeni, rangi kama ya chai ya rangi, na machipukizi yamelegea. Nimwagie nini? Majivu ya jikoni yatasaidia?*
*Msomaji, Mafinga*

Marahaba. Usimwagie kitu zaidi ya maji, na hayo majivu yaweke mbali kwanza.

Mbolea ya kuku ikiwa mbichi ina naitrojeni nyingi kuliko samadi ya ng'ombe au mbuzi, tena ina chumvi. Ukiilowesha inatoa amonia, ile harufu inayochoma macho ukifungua banda la kuku asubuhi. Mizizi myembamba ya mwaridi iko karibu na juu ya udongo, kwa hiyo inaungua ya kwanza. Mche unashindwa kunywa ingawa umesimama kwenye maji, ndiyo maana majani yanakauka kuanzia pembeni. Ukitia majivu juu ya mbolea hiyo mbichi utaifanya itoe amonia kwa kasi zaidi.

Fanya hivi leo. Kwangua mbolea yote kwa mikono (vaa glovu), usitumie jembe, utakata mizizi iliyobaki. Kisha mpe kila mche ndoo mbili kubwa za maji, polepole, yazame yasitiririke. Rudia baada ya siku tatu. Usipogoe. Najua mkono unawasha kukata matawi yaliyonyauka, ila subiri mpaka uone vichomozi vipya vyekundu, hapo ndipo utajua tawi lipi limekufa na lipi lilikuwa limezimia tu.

Nakuandikia hivi kwa sababu nimeshalifanya kosa hilo, na mimi nilikuwa na miaka minne kazini, mtu wa kuulizwa na majirani. Mume wangu alininunulia miche kumi na miwili. Nikaona niioneshe mapenzi, nikaitilia mbolea ya kuku ya moto moto kutoka bandani. Saba ilikufa. Yeye hakusema neno. Alipanda mchicha palepale, ukastawi ajabu, na kila tulipoula alikuwa ananitazama.

Mbolea uliyoikwangua usiitupe, ni mali. Ipange kwenye lundo tabaka kwa tabaka na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa au majani makavu, mabua yawe mengi kuliko mbolea. Lowesha mpaka ukifinya kiganjani ihisi kama kitambaa kilichokamuliwa. Funika kwa majani ya migomba au turubai mvua isiisukume. Chomeka kijiti kirefu katikati na ukiache humo. Kila baada ya wiki mbili geuza lundo, na kila unapopita chomoa kijiti ukishike. Kikitoka na joto la kikombe cha chai, bado. Baada ya miezi mitatu hivi kitatoka baridi, chenye unyevunyevu, na lundo litanuka kama msitu baada ya mvua. Hiyo sasa ni mboji. Mpe kila mche kopo la lita moja, si koleo, ukiisambaza shubiri moja kutoka kwenye shina. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri unaweza kuwa mkarimu zaidi: nusu debe mvua zinapoanza, na nusu debe tena ukishapogoa.

Majivu tutayarudia baadaye mche ukipona. Huko kwenu Mufindi mnalima chai, na chai hupenda udongo wenye asidi. Mwaridi unataka asidi kidogo tu, pH (kipimo cha asidi) ya 6 mpaka 6.5, na majivu hupunguza asidi, kwa hiyo konzi mbili za majivu ya kuni kwa mche kwa mwaka hazitakudhuru.

Jambo moja zaidi. Miche ikipona itatoa machipukizi manene, laini, yenye maji mengi, kwa sababu ya ile naitrojeni. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza machipukizi, watayanusa. Ukiona sisimizi wanapanda shina kwa mstari, fuata mstari wao: wanakwenda kukamua utamu wa vidukari, na wanawalinda kama mifugo. Vidukari wakiwa wachache wapukuchue kwa vidole. Ukiona dundu mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, mwache, huyo anawala. Na ukiamua kutumia dawa ya pareto, kwa kuwa kwenu inalimwa, nyunyiza jioni nyuki wakisharudi kwao. Pareto inaua nyuki vilevile, na jua huiharibu haraka.

*Assalaam aleikum Bi Maua. Niko Paje. Nimeotesha waridi la kienyeji, lile la pinki la kutilia kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Majani mapya yanatoka manjano ila mishipa imebaki kijani. Bibi yangu alinambia majivu ni mbolea ya waridi, nayatia kila Ijumaa, na hali inazidi. Je, mwani unafaa? Huku tunao mwingi.*
*Bi. S., Unguja*

Wa aleikum salaam. Bibi hakukosea, ila nataka kujua aliishi wapi. Kama alikuwa na bustani upande wa udongo mwekundu, majivu yalimfaa. Wewe umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, uweke kwenye kisosi, udondoshee siki, kisha usogeze sikio. Ukisikia unachemka na kutoa povu, hiyo ndiyo chokaa inajibu.

Udongo wa namna hiyo unaweza kuwa na madini ya chuma tele, lakini yamefungwa, mzizi hauwezi kuyanyonya. Jani changa likikosa chuma linageuka manjano na mishipa inabaki kijani, kama ulivyosema. Majivu nayo yana tabia ileile ya chokaa. Kila Ijumaa umekuwa ukiongeza kufuli.

Acha majivu kabisa. Mwaridi ulio kwenye udongo huo hutaubadilisha kwa mbolea, uinue. Jenga tuta la mawe lenye kimo cha magoti, au tafuta pipa lililotobolewa chini, ujaze udongo mwekundu uliochanganywa na mboji nusu kwa nusu, uhamishe mche wakati wa mvua. Juu tandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, vidole vinne hivi, yasiguse shina. Makumbi yawe makavu ya nyumbani. Yale yaliyotoka kufukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba yana chumvi, na mwaridi hauna ubishi na chumvi, unakufa tu.

Mwani ndiyo, unafaa, kwa sharti hilohilo. Uoshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, mara mbili tatu, au uache upigwe na masika nzima juu ya bati, kisha utie kwenye lundo la mboji. Na kama una tangi la kuvunia mvua, weka maji hayo kwa ajili ya waridi. Maji ya kisima cha huko yana chokaa, mara nyingine na chumvi.

Halafu, Bi. S., waridi lako linakwenda kwenye kikuba, linalala kwenye mto, linakaa kifuani mwa mtu. Usilipulizie dawa ya dukani hata kidogo. Wadudu wakija, maji ya sabuni, na maua yaliyopuliziwa siku hiyo usiyachume.

*Mama, mimi niko Kimara, nyumba iko karibu na barabara ya vumbi. Miwaridi yangu sita iko kwenye ndoo barazani. Majani yamekuwa na vitone vya rangi ya shaba, chini kuna utando kama wa buibui. Nilipuliza dawa ya mbu ya kopo, wiki mbili baadaye ikawa mbaya zaidi. Nimejaribu na mwarobaini, mchana, haikufanya kitu.*
*Kijana wa Kimara*

Mwanangu, huo ni utitiri mwekundu, na ndiye aliyenilipa mshahara miaka tisa. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara mbili kwa kalamu, kisha tulia. Utaona vumbi limeanguka. Baada ya muda baadhi ya vumbi litaanza kutembea. Pitisha kidole: ukiacha mchirizi wenye rangi, ndiye.

Dawa ya mbu imekuharibia kwa njia ambayo watu wengi hawaijui. Utitiri una maadui zake, wadogo kama wenyewe, wepesi zaidi, wanaokula mayai yake. Sumu za aina ya dawa ya mbu zinawaua hao haraka, wakati utitiri mwingi unanusurika chini ya jani ndani ya utando. Ukafagia polisi, ukabakiza wezi. Shambani tulikuwa tunanunua wale walinzi wakiwa kwenye chupa zenye pumba, tunawanyunyiza juu ya majani kama mtu anavyotia chumvi kwenye chakula. Wageni walidhani tunafanya uganga.

Wewe huna chupa hizo, una bomba la maji. Utitiri unapenda joto, ukavu na vumbi, yaani baraza lako lote. Kata majani yaliyoharibika sana, yafunge kwenye mfuko, yatoke nyumbani. Kila ndoo ilaze ubavu asubuhi, pigilia maji upande wa chini wa majani kwa nguvu, jani lisichanike. Asubuhi, ili jua likaushe majani, la sivyo utaondoa mdudu na kuleta ukungu. Jioni ya siku hiyo nyunyiza maji ya sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo na jiki, kwa lita moja. Chini ya jani. Ukinyunyizia juu tu umeosha jani, hujagusa mdudu. Rudia kila siku ya tano, mara nne. Kwenye joto la Dar yai linakuwa mdudu mzima kwa kama wiki moja, ukiruka zamu moja unaanza upya.

Mwarobaini wako haukufanya kazi kwa sababu ya saa. Nguvu yake inaharibiwa na jua. Majani nayo ni dhaifu, nguvu iko kwenye kokwa. Kausha kokwa kivulini, twanga gramu 50, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, tumia jioni hiyohiyo. Kwa vidukari utafurahi. Kwa utitiri ni msaidizi tu, bomba la maji ndilo bosi.

*Unga mweupe juu ya majani, hasa machanga, yanajikunja. Kwetu usiku ni baridi.*
*Lushoto*

Huo ni ubwiri unga, aina ya ukungu. Maziwa sehemu moja, maji sehemu tisa, nyunyiza asubuhi kukiwa na jua, mara moja kwa wiki. Punguza matawi ya katikati hewa ipite. Maziwa ya mgando usitumie, utaita nzi wa mtaa mzima.

*Bi Maua, naishi Maskati, mama yangu yuko Mji Mkongwe. Mwezi wa nne nilipanda mlima wa Jabal Akhdar, huku Omani, nikaona wanavyochuma waridi alfajiri. Nataka nimpelekee mama vipandikizi viwili vitatu kwenye begi.*
*Binti wa Unguja*

Binti yangu, utamletea mama majani. Waridi lile la Jabal Akhdar ni waridi la Dameski, linakaa kwenye vijiji vya kama mita 2,000 juu ya bahari, kwenye matuta ya mawe yanayonyweshwa kwa falaji, yaani mifereji ya maji. Linapigwa na baridi kali majira ya kipupwe, kisha linachanua mara moja kwa mwaka, kuanzia mwisho wa Machi hivi mpaka Mei. Baridi hiyo Mji Mkongwe haipo, haijawahi kuwapo. Isitoshe, mche unaovuka mpaka bila kibali cha karantini unaweza kubeba ugonjwa, na wa forodhani wakiukuta wanaweza kuuteketeza.

Mpelekee marashi ya palepale mlimani. Mama atakuwa na furaha zaidi na chupa.

*Mwaridi wangu wa tatu kutoka geti umekuwa mrefu kunizidi, majani mengi sana, miiba mingi, ua sijaliona mwaka mzima. Nautilia samadi na maganda ya ndizi kila mwezi. Nimetuma picha.*
*Baba T., Moshi*

Maganda ya ndizi yapeleke kwenye mboji, ukiyazika shinani unakaribisha panya. Picha nimeikuza. Angalia shina lile refu linapotoka: liko chini ya kile kifundo cha kuungia, karibu na udongo, na majani yake ni madogo madogo, saba kwa kikonyo, si matano kama ya upande wa pili. Miche mingi ya kununua imeungwa juu ya mwaridi mwingine wenye mizizi migumu. Kwenye mashamba unaoitwa Natal Briar ni maarufu. Huo wa chini umechipua, umekuwa baba mwenye nyumba. Fukua udongo mpaka uone linapoanzia, livute kwa nguvu ling'oke, usilikate, likikatwa linarudi mawili. Upande wa pili, ule mdogo uliojificha nyuma ya majani kwenye picha, bado uko hai. Ndio ulioununua. Mwaka mzima umekuwa ukimlisha mwingine.