Kibali cha bastola na mazoezi ya kila wiki

Mkuu, umeuliza kama siku moja uliyofundishwa ulipopata kibali cha bastola inatosha, maana msimu wa korosho duka lako la jumla hapo Masasi hujaa fedha na unafunga usiku. Haitoshi, nakuambia kwa nia njema. Mikono husahau upesi.

Mwaka 1983 polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika kuwa mtu mwenye kisu hukimbia kama mita 6.4 kwa sekunde moja na nusu hivi. Sasa pima mwenyewe kutoka mlangoni mpaka kaunta yako. Ndani ya muda huo ufunue shati, ushike mpini, utoe, na uwe umeshaamua kama kweli uhai wako umo hatarini. Mimi mazoezini, tena kwa bastola ya plastiki, shati la kitenge lilinasa kwenye mpini mara tatu mfululizo. Mwalimu, aliyejifanya mwenye kisu, alishanigusa kifua.

Nyumbani fanya mazoezi ya kutoa bastola tupu dakika kumi, mara mbili kwa wiki. Kwanza toa magazini (kasha la risasi), kagua chemba (tundu linalokaa risasi ya kufyatuliwa) kwa jicho na kwa kidole, risasi zibaki chumba kingine. Kidole kikae nje ya triga (kifyatulio). Kufyatua risasi halisi ni kwenye uwanja ulioruhusiwa tu, waulize polisi wa wilaya. Usithubutu kwenye mikorosho, kuna watoto wanaokota mabibo.

Jifunze pia kuzuia damu kwenye jeraha. Na fedha peleka benki mchana, saa zikibadilika kila siku.